Kwa Mlioripoti Mwezi Huu: Heshima Kazini Katika Gombolola na Wilaya

Wiki iliyopita afisa mmoja kijana, mwenye bidii ambayo sote tunaipenda, alipiga picha ukurasa wa daftari la mahudhurio, akayazungushia wino mwekundu majina ya waliochelewa, kisha akairusha picha hiyo kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, ambamo wamo madiwani na mwenyekiti wa LC3, yaani baraza la gombolola, ngazi iliyo chini ya wilaya. Mmoja wa waliozungushiwa wino alikuwa amempeleka mtoto kliniki, na ruhusa yake ilikuwa kwenye faili tangu juzi yake. Nimefanya kazi ya utumishi katika serikali za mitaa za Uganda kwa miaka mingi, na kila mara Tume ya Utumishi ya Wilaya inapotuletea vijana wapya, naliona kosa lile lile likirudi. Zamani lilikuja kwa barua iliyobandikwa ubaoni, sasa linakuja kwa simu. Kosa lenyewe ni kumhukumu mwenzako mbele ya watu kabla hujamsikiliza, na ndilo linalonifanya niwaandikie leo, kwa sababu nawapenda na kwa sababu nimechoka kuliona.

Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma mlisomewa katika mafunzo elekezi, na Kanuni za Maadili mnazo mezani, kwa hiyo sitazirudia. Nitasema jinsi zinavyofuatwa siku ya Jumatatu, wananchi wakiwa wamejaa barazani na mfumo wa malipo umegoma kufunguka.

1. Msikilize mtu kabla ya kuandika juu yake.

Mamlaka ya kumwadhibu mtumishi wa wilaya ni ya Tume ya Utumishi ya Wilaya. Si ya msimamizi, wala ya kundi la WhatsApp. Ibara ya 173 ya Katiba ya 1995 inakataza mtumishi wa umma aonewe kwa kutimiza wajibu wake kwa uaminifu, au aadhibiwe bila sababu ya haki, na ibara ya 42 inampa kila anayefika mbele ya afisa wa utawala haki ya kutendewa kwa uadilifu. Ninyi mnazijua ibara hizi kwa kuwa mliulizwa katika usaili. Taabu huanza siku mnapokuwa na hasira na hadhira iko karibu.

Nitawasimulia mkasa mmoja kwa kirefu, kwa sababu niliushuhudia nikiandika kumbukumbu za mkutano, na kwa sababu aliyekosea alikuwa mtu mwema. Katika wilaya ambayo sitaitaja aliletwa mkuu mpya wa gombolola, kijana msomi, msafi wa mikono, asiyegusa hata shilingi ya mafuta ya pikipiki. Ulikuwa wakati ambapo fedha za Mpango wa Maendeleo wa Parishi, yaani sehemu za gombolola zenye vijiji kadhaa, zimeanza kufika vijijini. Mnakumbuka joto la siku zile. Rais aliuzindua mpango huo wilayani Kibuku mwezi wa Februari 2022, wananchi wakasikia redioni kwamba kila parishi itapata shilingi milioni 100 kwa mwaka na kwamba mtu ataweza kukopa milioni 1 kwa ajili ya kaya yake, na tangu hapo mkuu wa parishi, ambaye zamani alijulikana kwa kukagua vyoo na kukumbusha kodi, akawa mtu anayetazamwa na kila jicho.

Mkutano ulifanyika senta, penye maduka, chini ya mwembe. Orodha ya wanufaika iliposomwa, mama mmoja alisimama akalalamika kwamba jina lake lilikuwemo mara ya kwanza na sasa limeondolewa. Mkuu wa gombolola hakuuliza lolote. Alimgeukia mkuu wa parishi, mzee aliyebakiza muda mfupi kufikia miaka 60 ya kustaafu, akamwambia kwa kipaza sauti: "Mzee, jina la huyu mama umeliuza kwa nani?" Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mzee alisimama kidogo, akatazama upande walikoketi wanawake, kisha akakaa. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, naye alichutama.

Jibu lilikuwepo. Jina la mama yule kwenye kitambulisho cha taifa halikufanana na lililoandikwa kwenye orodha, mfumo ukalikataa, na mzee alikuwa ameandika dokezo kuiomba gombolola iwasiliane na ofisi ya vitambulisho. Dokezo lilikuwa kwenye faili, na faili lilikuwa kwenye trei ya mkuu wa gombolola mwenyewe, chini ya mialiko ya semina.

Kilichofuata hakikuwa mgomo, maana mgomo una barua na una mazungumzo. Mzee alifika kazini kila siku saa mbili, akatia saini, akajibu kwa maandishi kila alichoulizwa, na hakuongeza neno. Zamani ndiye aliyekuwa akipiga simu usiku kusema kwamba ndugu wawili wanataka kukatana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba, au kwamba kisima fulani kimeanza kutoa maji machafu na watoto wanaharisha. Simu hizo zikakoma. Wakuu wengine wa parishi, waliokuwepo siku ile, wakaona kwamba anayejituma hulipwa aibu, nao wakaanza kujaza "hakuna la kuripoti" mwezi baada ya mwezi. Wakaguzi walipokuja kuzitembelea kaya zilizokopeshwa, gari lilizunguka kutwa bila kuzifikia hata nusu ya nyumba, kwa sababu mtu pekee aliyejua kwamba fulani wa kwenye orodha ndiye Baba fulani wa ng'ambo ya mto hakuulizwa, na mwenyewe hakujitokeza. Hoja ya ukaguzi ikamwangukia mkuu wa gombolola.

Ndipo kijana alipokwenda kuomba radhi. Alimwita mzee ofisini, akafunga mlango, akaagiza soda. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mimi nilishakusamehe. Lakini siku ile mama mkwe wangu alikuwa ameketi pale kati ya wanawake, na tangu hapo sijaweza kukanyaga kwao. Ulinichafua mbele yao, kanisafishe mbele yao." Mliokulia vijijini hamhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Ilibidi mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aingilie kati, mkutano ukaitishwa upya chini ya mwembe ule ule, na kijana akasimama akasoma dokezo la mzee kwa sauti, pamoja na tarehe yake, akasema kwamba ofisi iliyokosea ni yake. Ninamheshimu mno kwa siku hiyo, maana wapo wakubwa waliostaafu bila kuthubutu kufanya hivyo hata mara moja. Hata hivyo mzee alistaafu baada ya muda mfupi, na mengi aliyoyajua kuhusu parishi ile, ambayo yangeandikwa katika miezi ile ya ukimya, hayakuandikwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Soma faili kwanza. Mwite mhusika peke yake, umuulize. Usiporidhika, mpe barua ya kujieleza yenye siku za kutosha kujibu, na uyasome majibu yake kabla ya kulipeleka jambo kwa CAO, afisa mkuu wa utawala wa wilaya. Mwananchi akilalamika mkutanoni, mjibu kwamba umelisikia na utaleta jawabu siku fulani, kisha siku hiyo ulilete kweli.

2. Salimia kila mtu unayemkuta, ukianza na mlinzi wa lango na mama anayefagia.

Kijana mwenye shahada anayempita mhudumu wa ofisi kimya kimya kisha saa nne anamwita "wewe" amwekee chai, ajue kwamba ofisi nzima imemwona. Waliokuzidi umri waite Mzee au Mama hata kama cheo chako ni cha juu, kwani cheo hakipungui kwa kufanya hivyo. Na hati za malipo ya vibarua wanaofagia zitieni saini siku zinapofika mezani. Sijaona dharau kubwa kuliko hati ya mtu wa mshahara mdogo kukaa kwenye trei kwa kuwa mwenyewe hana ujasiri wa kuiulizia.

3. Sema hapana kwa diwani bila kumvunjia heshima.

Diwani amechaguliwa, wewe umeajiriwa, na nyote wawili mtaulizwa na watu wale wale. Akija kuomba gari la wilaya kwa ajili ya mazishi ya mpiga kura wake, usimhutubie kuhusu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 mbele ya watu aliokuja nao. Mpe kiti, mwambie, "Mheshimiwa, naomba uniandikie, nami nitalipeleka kwa CAO kwa kuwa yeye ndiye afisa mhasibu," na ulipeleke siku hiyo hiyo. Nimewaona watumishi wakiombewa uhamisho na baraza zima kwa sababu ya namna walivyokataa, wakati kukataa kwenyewe kulikuwa sahihi.

4. Wanafunzi wa mafunzo kazini si wasaidizi wako wa binafsi.

Hapa sitapamba maneno. Kila likizo ya vyuo tunapokea mabinti na vijana wanaohitaji saini yetu kwenye vitabu vyao vya mafunzo, na saini hiyo ni mamlaka juu yao. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza unyanyasaji wa kingono kazini, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 awe na hatua za kuuzuia, na kanuni za 2012 zikaeleza jinsi ya kupokea malalamiko. Usimpigie mwanafunzi simu usiku, usimwombe akusindikize safari ya kikazi isiyomhusu, na mzaha juu ya mwili wake si mzaha. Na ukiwa wewe ndiwe uliyeletewa malalamiko, usimkutanishe mlalamikaji na mtuhumiwa chumba kimoja ili "wayamalize". Nimeona binti akiulizwa ushahidi huku mtuhumiwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, akasema amesahau, akaondoka, na hakurudi kumaliza mafunzo yake. Andika maelezo yake akiwa na mtu anayemwamini, yaweke mahali pa siri, uyapeleke kunakohusika.

5. Lugha ya kikaoni iwe ya wote walioketi.

Wilaya zetu zina watumishi kutoka pande zote za nchi, na hakuna kinachomfanya mgeni ahisi anasengenywa kama wenzake wawili kugeukia lugha yao katikati ya kikao na kucheka. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, basi sisi tunaokizungumza hapa kazini tukitumie kumkaribisha mtu, na kikimshinda mmoja wetu tumtafsirie bila kumcheka.

6. Tathmini ya kazi ni mazungumzo.

Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na karibu na tarehe hiyo naona fomu za tathmini zikijazwa kwa mkupuo, mtumishi akiitwa atie saini alama ambazo hajui zilitokana na nini. Kaa na kila mtu unayemsimamia, mlango ukiwa umefungwa na simu umeizima, na umtajie lile alilofanya vizuri kwa jina lake: barabara ipi, kikundi kipi, ripoti ipi. Kisha mtajie lililopungua, naye aeleze, na kama maelezo yake yanakubadilisha mawazo, badilisha alama hapo hapo akiona. Akikataa kutia saini, usimtishe; andika kwamba amekataa, na uandike sababu zake kwa maneno yake mwenyewe, kisha faili liende masjala likiwa limefungwa.