Mkrismasi wangu umebaki vijiti, nikate?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mi nipo Buswelu hapa Mwanza, nina mkrismasi getini, tangu mwezi wa saba unapukutisha majani mpaka sasa vimebaki vijiti vitupu, jirani anasema umekufa niukate tu nipate kuni. Afu kuna mtufaa tulileta mche toka Lushoto, umestawi vizuri tu ila hauzai kabisa, shida nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Panga weka chini kwanza! Kwangua gome la kitawi kwa kucha, ukikuta ubichi wa kijani mti uko hai, umelala tu, na kulala huko ni kazi ya homoni zake wenyewe.

Iko hivi, kiangazi kikikolea mizizi inahisi udongo umekauka, mti unatengeneza kwa wingi asidi ya absisiki, homoni ya kulaza mti, hiyo ndo inafunga vitundu vya majani maji yasipotee na ndo inazuia macho ya matawini yasichipue ovyo. Jani nalo likichoka linapunguza kutengeneza homoni nyingine, oksini, na oksini ndo ilikuwa inalishikilia pale tawini, ikipungua tu ethilini, homoni ambayo ni gesi, inapata nguvu, seli za shina la kikonyo zinaachana na jani linadondoka, na kovu mti umeshaliziba. Mvua za vuli zikirudi asidi ile inashuka, jibereli na sitokinini, homoni za kuamsha na kukuza, zinapanda, macho yanafumuka. Subiri Novemba, Desemba uone maua mekundu yake!

Ulaya miti inasoma urefu wa mchana, ukifupika inajiandaa kulala. Mwanza mchana ni saa 12 na kitu mwaka mzima, kwa hiyo kwetu maji ndo yanaamua mambo mengi.

Mtufaa ndo una shida ya kweli. Macho yake yakishalala sana yanataka wiki nyingi za baridi, chini ya nyuzi 10 hivi, ndo homoni ya kuyalaza ipungue, na Mwanza hata Julai usiku haufiki huko. Ila wakulima wa Batu kule Java, Indonesia, karibu na ikweta kama sisi, wakishavuna wanapukutisha majani yote kwa mkono kabla macho hayajazama usingizini, mti unachanua upya, wanavuna mara mbili kwa mwaka. Jaribu kwenye matawi machache kwanza, na umwagilie vizuri.