Sumu ya mishale ya Wasani wa Kalahari

Ukijiuliza kama Wasani, jamii ya wawindaji wa kusini mwa Afrika, hupaka mishale yao sumu ya nyoka: hapana, si sumu ya nyoka. Wasani wa Namibia na Botswana huitoa hasa kwa buu wa mbawakawa mdogo aitwaye Diamphidia nigroornata, wa kundi la mbawakawa warukao kama viroboto. Buu hula majani ya vichaka vya jamii ya manemane (Commiphora), kisha hushuka na kujifungia ardhini ndani ya kifuko kigumu cha udongo. Mwindaji huchimba chini ya kichaka, hupasua kifuko, humminya buu na kupaka majimaji yake kwenye mshale. Hapaki kwenye ncha yenyewe, hupaka nyuma yake, ili akijikwaruza kwa bahati mbaya asidhurike. Hapo ndipo ustadi wao unaponivutia zaidi.

Sumu ni protini inayopasua chembe nyekundu za damu, lakini polepole: mnyama mkubwa kama twiga huweza kufuatiliwa siku kadhaa kabla ya kuanguka.

Ila usiwajumlishe Wasani wote, maana wapo wanaotumia pia sumu za mimea. Huku kwetu Afrika Mashariki, Wakamba na Wahadzabe kwa jadi hutegemea sumu ya miti, si ya wadudu.