Bauza mbili za usiku hazilainishi njia ya mbio

SWALI: Salaam mtaalamu. Tuna njia ya mazoezi ya farasi wa mbio upande wa Karen, Nairobi: mzunguko wa mita 1,600, upana mita 12, nyasi ya kikuyu juu ya udongo mwekundu. Tangu katikati ya Januari ardhi imekuwa ngumu mno, na farasi wawili wa miaka miwili wameanza kuumwa miundi ya mbele. Usiku wa kuamkia siku ya shoti, yaani ya kukimbiza farasi kwa kasi, tunamwaga bauza (malori ya maji) mbili za lita 10,000. Asubuhi juu kumelainika, lakini majoki wanalalamika kwamba farasi wanateleza kwenye kona. Jirani anatushauri tutandaze malori sita ya mchanga wa mto halafu tupitishe rola nzito. Kuna pia mwuzaji wa dawa ya maji anayesema italainisha udongo kwa siku saba. Tufuate lipi?

JIBU: Msifuate lolote kati ya hayo, na hizo bauza za usiku zisimamisheni leo. Majoki wenu wameona sawasawa. Kinachowatelezesha farasi ni hayo maji yenu.

Piga hesabu kwanza. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Njia yenu ina mita za mraba 19,200, kwa hiyo lita 20,000 zinawapa milimita moja na ushei. Kiasi hicho kinaishia kwenye majani na kwenye zulia la matawi yanayotambaa ya kikuyu. Kikivuka hapo, kinalowesha ngozi ya juu ya udongo mwekundu na kuifanya utelezi, na chini yake pamebaki vilevile. Mngetaka milimita 10 tu, mngehitaji lita 192,000, yaani bauza 19.

Hapa ndipo penye kosa ninaloulizwa kila kiangazi, na linaumiza farasi wengi kuliko ukame wenyewe: watu wanadhani ugumu wa ardhi ni ukavu wa juu, kwa hiyo palowe juu na kazi imekwisha. Farasi wa mbio ana kilo 450 hadi 500. Kwenye shoti kamili mguu mmoja hubeba, kwa nukta ya muda, karibu mara mbili na nusu ya uzito huo, zaidi ya tani moja. Ukwato ukitua huteleza mbele kidogo, hukaa, kisha husukuma. Kwenye ardhi ngumu iliyo kavu mtikisiko hupanda moja kwa moja hadi kwenye mfupa wa muundi. Kwenye ardhi ngumu iliyolowa juu, ukwato huteleza zaidi ya kawaida halafu hugota ghafla kwenye tabaka gumu. Mfupa unapata mtikisiko uleule, na sasa kano na kifundo vinavutwa kwa namna ambayo farasi hakuitarajia. Pale kwenye kona, mwili umeinama, anaanguka. Kati ya njia ngumu kavu na njia ngumu iliyopakwa maji, ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mtu akiikanyaga kwa kiatu anaiona laini.

Kuteleza na ugumu ni mambo mawili, kila moja hupimwa peke yake. Kifaa kinachotumika kwenye viwanja vya mbio Uingereza, GoingStick, kinafanya hivyo: ubapa wake husukumwa ardhini sentimita 10, nguvu iliyotumika ikasomwa, kisha huvutwa nyuma hadi nyuzi 45 na nguvu ya udongo kushikamana ikasomwa. Penetromita ya Kifaransa, kipimo cha ugumu wa ardhi, ni rahisi zaidi, na fundi wa chuma anaweza kuiiga: uzito wa kilo 1 unaangushwa kutoka mita 1 juu ya fito yenye ncha ya sentimita moja ya mraba, mara tatu mahali pamoja, kisha unasoma fito imezama sentimita ngapi. Karibu na 3 ni ardhi nzuri, ikipita 4.5 ni nzito, yaani imelowa mno. Pimeni kila mita 200, mita 2 na mita 6 kutoka relini, yaani kwenye uzio wa ndani wa njia. Haina haja ya kununua dawa yoyote kabla ya kuwa na namba hizo.

Kabla hata ya kupima, chimbeni. Chukua sepetu, toa bonge la upana wa sentimita 20 na kina cha 30, pale kwenye kona ya ndani ambapo farasi wote hupita. Toa jingine karibu na ukingo wa nje ambapo hakuna anayepita. Yaweke kando kwa kando. Bonge la nje litavunjika kwa vidole katika chembe chembe, na mizizi itashuka hadi chini. La ndani, nina hakika, litatoka na mizizi iliyofika sentimita 5 au 7 kisha ikakunja na kwenda ubavuni, na hapo chini utaona udongo umepangika katika vipande bapa vinavyong'aa kidogo. Hilo ni tabaka lililoshindiliwa. Halina nafasi za hewa, kwa hiyo maji hayashuki, mizizi haishuki, na jua likiwaka wiki mbili hakuna unyevu wa chini wa kuilisha nyasi. Ukame umelifichua tabaka hilo tu. Aliyelijenga ni kwato, trekta, na, samahani kwa kuwaambia, bauza yenu. Gari lenye lita 10,000 lina tani 10 za maji peke yake kabla hujahesabu chuma. Kila usiku mnapolipitisha juu ya nyasi mnashindilia kile mnachotaka kulainisha.

Sasa mchanga. Malori sita ya tani saba ni kama mita za ujazo 26. Zikitandazwa kwenye njia yenu ni unene usiofika milimita moja na nusu. Lakini hata angeleta malori mia, udongo wa mfinyanzi haugeuki kwa mchanga kidogo. Mchanga usipokuwa sehemu kubwa kabisa ya mchanganyiko, chembe zake huzama katikati ya mfinyanzi na vyote hushikana kama tofali. Njia za mchanga zinazokimbiwa duniani hujengwa kuanzia chini: mabomba ya kutoa maji, kokoto, kisha mchanga uliochaguliwa kwa ukubwa wa chembe. Hazimwagwi juu ya nyasi Jumamosi. Mchanga wa mto nao huja na tope. Jaza theluthi ya chupa ya jamu, ongeza maji, tikisa, acha saa 24. Tope la juu likipita asilimia 5 ya kimo cha mchanga, urudishe kwa mwenyewe. Mahali pake halali ni kujaza matundu baada ya kutoboa, au kutandaza milimita 3 hadi 5 kwa awamu, na hiyo milimita 5 kwenu ni mita za ujazo 96.

Rola nzito sitaizungumzia sana. Inafanya njia ionekane nzuri kwa mgeni na inamaliza hewa iliyobaki. Rola nyepesi ina kazi moja, kukandamiza mabonge ya nyasi yaliyong'olewa na kwato baada ya kuyarudisha, udongo ukiwa na unyevu wa wastani.

Na huyo wa dawa ya siku saba. Chupa hizo kwa kawaida huwa na moja ya vitu viwili. Cha kwanza ni sabuni ya kusaidia maji kupenya kwenye udongo unaoyakataa. Inafaa penye tatizo hilo, lakini haivunji tabaka lililoshindiliwa. Cha pili ni kalsiamu, wakati mwingine katika umbo la jasi. Jasi ni dawa ya kweli ya udongo wenye sodiamu nyingi, na huwezi kujua kama wako ni huo bila maabara. Udongo mwekundu wa nyanda za juu karibu na Nairobi kwa kawaida una asidi, na sodiamu si shida yake. Peleka sampuli KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Kabete, za sentimita 0 hadi 10 na 10 hadi 20 kwa mifuko tofauti, kisha ndio uzungumze na mwuzaji. Anayeuza dawa ya udongo bila kuomba majibu ya maabara anauza chupa.

Kazi yenyewe ni hii. Toboeni kwa mashine ya meno marefu inayofungwa nyuma ya trekta, ile ambayo ikishaingia hutikisa na kuinua udongo kidogo. Vilabu vya gofu vya Nairobi vina mashine za kutoboa, na baadhi hukubali kukodisha; ulizeni kina kabla ya bei, kwa sababu nyingi za gofu huishia sentimita 10 na ninyi mnahitaji 20 hadi 25. Meno yawe mazima, unene wa milimita 18 hadi 25, nafasi kama sentimita 10. Meno yafike chini ya tabaka gumu. Yakiishia juu yake au katikati yake mmeongeza tabaka jingine. Muhimu kuliko yote ni unyevu. Udongo mkavu utavunja meno na kung'oa nyasi kwa mapande. Uliolowa chepechepe utajipaka kwenye kuta za matundu na kuziba. Finyanga kipande kutoka kina cha sentimita 15: kikishikana kisha kikavunjika ukikigusa kwa kidole gumba, siku ndiyo hiyo. Kwenu itakuwa wiki moja au mbili baada ya masika kuanza vizuri. Baada ya hapo hakuna shoti kwa wiki tatu au nne, kwa sababu ardhi iliyoinuliwa ni ya uongo mpaka mvua iiketishe. Pimeni kabla ya kufungua.

Ngumu kumeza, lakini kati ya sasa na mvua hamtapata njia ya shoti hapo. Mwagilieni kwa mabomba na vinyunyizio kutoka nje ya njia, milimita 15 hadi 20 kila baada ya siku tano hadi saba, polepole, mkisimama maji yanapoanza kutuama na kuendelea baada ya saa moja. Milimita 20 kwenu ni lita 384,000. Maji hayo hayapo? Basi chagueni ukanda wa mita 4 upande wa nje, ambako bado hakujashindiliwa, muulishe huo peke yake kwa lita 128,000, na mwuache uliobaki ulale. Ili kujua vinyunyizio vinatoa nini, panga makopo 20 matupu juu ya nyasi, washa nusu saa, pima kwa rula. Makopo ya karibu na ya mbali yakitofautiana maradufu, sogeza vinyunyizio, maana hapo mtakuwa na farasi anayetoka ardhi laini kuingia ngumu ndani ya hatua mbili. Maji yakome saa 24 kabla ya kazi yoyote ya kasi, na 36 ni bora.

Nyasi yenu ni nzuri, msiibadilishe. Kikuyu ni ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kwenye uwanja wa mbio wa Randwick kule Sydney wanakimbia juu yake. Ikateni kwa sentimita 10 hadi 12, msiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja. Zulia lake likizidi sentimita 4 lichaneni wakati wa mvua, kwa sababu mizizi huanza kuishi humo badala ya udongoni na ukwato hung'oa lote. Njia ya mita 12 gaweni kanda tatu, mhamishe reli ya plastiki inayopinda kila baada ya siku kumi hivi. Nguzo za chuma au za simenti kando ya farasi, hapana kabisa.

Hao wa miaka miwili wasikimbie. Mwiteni daktari wa mifugo apige picha za miundi, na saisi, mtunza farasi, asikubali mtu yeyote awape dawa ya maumivu ili warudi kwenye shoti Jumanne. Farasi asiyesikia maumivu ataukanyagia mfupa ule wenye ufa mpaka ukatike.

Nayasema haya pia kwa wote wanaoandaa mbio za siku moja: za hisani, za shule, kwenye viwanja vya polo au mashamba yaliyofyekwa wiki ile. Uwanja wa mbio wa Ngong una watu wa kushughulika na nyasi zake mwaka mzima. Kiwanja chenu kina lori la maji na matumaini. Ukiitiwa mbio, fika siku mbili kabla na fito ya chuma ya milimita 10 iliyonolewa. Isukume kwa mkono kila mita 100, kwenye mstari ambao farasi watapita, si pale ulipoegesha gari. Ikizama sentimita 2 za tope kisha ikagota, mahali pengi, mwambie mwandaaji abadili iwe maonyesho ya kutembea. Akikwambia wameshamwaga maji usiku, mwulize lita ngapi na juu ya mita za mraba ngapi, ugawanye mbele yake. Na kwa wa upande wa Athi, kwenye ule udongo mweusi unaopasuka, fito haitoshi: tembea njia nzima ukitazama chini, kwa sababu ufa unaoingia vidole vinne hufunikwa na nyasi, na mguu wa mbele wa farasi unaingia humo.