Maswali ya Wasomaji: Tatuu Mpya Haihukumiwi Siku ya Nane

Swali la kwanza

Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni msichana wa miaka 24 na ninaishi Sinza, Dar es Salaam. Siku nane zilizopita nilichorwa tatuu yangu ya kwanza, jina la marehemu bibi yangu lililozungukwa na maua ya asumini, kwenye mkono wa kushoto kati ya kiwiko na kifundo. Siku za mwanzo ilikuwa nyeusi na ya kupendeza mno. Sasa inabambuka vipande vipande vyenye rangi, palipobambuka pamefifia na kupauka, na usiku inawasha hadi inanikosesha usingizi. Dada ninayeishi naye ananihimiza niioshe kwa Dettol kisha niinyunyizie unga wa vidonge vya rangi mbili, jirani anasema mafuta ya nazi, na mchoraji hapokei simu. Jumamosi ijayo familia yetu ina sherehe ufukweni Kigamboni na nilitaka ndugu zangu wote waione. Je, nirudi nikajaziwe rangi kabla ya siku hiyo?

*Msomaji, Sinza*

Jibu

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufiwa na bibi. Usirudi kujaziwa rangi. Yote uliyoyaeleza, yaani kubambuka, kupauka na kuwasha, ndiyo mwenendo wa kawaida wa ngozi iliyochorwa inapofikia wiki ya pili, na kuipitisha sindano tena sasa kutakuwa ni kujeruhi kidonda ambacho hakijafunga.

Ukielewa kinachoendelea chini ya ngozi, utasubiri kwa moyo uliotulia zaidi. Sindano ya tatuu hupenya tabaka la juu la ngozi na kuacha wino katika tabaka la pili, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi. Wino kiasi hubaki njiani, katika lile tabaka la juu lililotobolewa, na hilo ndilo linalobambuka sasa. Vipande vyeusi unavyoviokota kwenye shuka asubuhi ni ngozi iliyokufa ikiwa imebeba wino ambao usingedumu kwa vyovyote, kwa sababu tabaka la juu hujibadilisha lote kwa muda wa takriban mwezi mmoja hata kwa mtu ambaye hajawahi kuchorwa. Wino wa kudumu uko chini yake. Unauona umepauka kwa kuwa ngozi changa iliyoota juu bado ni kavu na haijalainika, na kadiri inavyokomaa ndivyo rangi itakavyozidi kuonekana.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba wino huo unashikiliwa na seli hai. Mwili huuona wino kama uchafu ulioingia, hutuma seli za kinga zinazomeza uchafu, nazo huumeza lakini haziwezi kuusaga. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa kutumia panya kwamba seli hizo zinapokufa huuachia wino, na seli nyingine changa huudaka palepale na kuumeza upya. Kwa hiyo hata sasa, wakati wewe unahangaika kwamba jina la bibi linafutika, mwili wako unalihifadhi, na unachohitaji kufanya ni kuuachia nafasi.

Uso wa ngozi hufunga ndani ya wiki 2 hadi 4, lakini tabaka la ndani huendelea kujijenga kwa miezi 2 au 3, wakati mwingine zaidi. Hapo ndipo unapoweza kuitazama tatuu kwa jicho la haki na kusema mstari huu umekolea, ule umeachwa. Wachoraji makini hawakubali kujazia kabla ya wiki ya 6, na kwa mkono unaofanya kazi kila siku ningependa usubiri miezi 2 kamili.

Sasa tuje kwenye ushauri uliopewa nyumbani, ambao najua umetolewa kwa upendo. Dettol na spiriti zinaua vijidudu, lakini haziwezi kuitenga seli changa ya ngozi na kijidudu, hivyo ukizipaka kila siku kwenye jeraha linalopona huchoma na kukausha kilekile kinachoota. Unga wa vidonge vya rangi mbili ni tatizo kubwa zaidi. Unaganda juu ya kidonda na kufanya kigaga kinene kinachopasuka na kung'oka na rangi, unaweza kumfanya mtu apate mzio wa dawa ambayo siku moja ataihitaji kwa ugonjwa wa kweli, na dawa ya kumeza haikutengenezwa kwa ajili ya kunyunyizwa. Mwambie dada yako kwa heshima kwamba umeshukuru, kisha vidonge hivyo vibaki kabatini. Mafuta ya nazi hayana ubaya huo, ila ya kununua sokoni katika chupa iliyotumika siwezi kuyaamini juu ya ngozi iliyo wazi.

Kinachotakiwa ni kidogo sana, na nadhani udogo wake ndio unaowashinda watu. Nawa mikono yako kwanza. Chukua maji safi ya uvuguvugu. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima, yachemshe na kuyaacha yapoe. Povusha sabuni isiyo na manukato kiganjani, kisha pitisha kiganja juu ya tatuu polepole, bila dodoki, bila kitambaa, bila kucha, mpaka utelezi wa majimaji na mafuta ya jana uondoke. Suuza. Kausha kwa kubonyeza tishu safi, si kwa kufuta, na usitumie kanga iliyoning'inia bafuni. Acha ngozi ipate hewa kwa dakika kama 10, kisha paka mafuta ya mgando au losheni isiyo na harufu, kiasi cha punje ya harage, uyatandaze mpaka ngozi ing'ae kidogo tu. Ikiwa kidole kinateleza, umezidisha, na kwa joto la Dar es Salaam mafuta yaliyozidi hufungia jasho ndani na kulainisha vigaga kabla ya wakati. Fanya hivyo mara 2 au 3 kwa siku, basi.

Kuhusu kuwasha, usikune hata kidogo, kwa maana kigaga kinachong'olewa kabla hakijaachia chenyewe huondoka na wino wa chini na kuacha doa tupu au kovu. Kata kucha leo. Usiku vaa shati la pamba la mikono mirefu lililo safi, na mwasho ukizidi bonyeza mahali hapo kwa kiganja kilichonawiwa au weka juu ya nguo kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi. Mwasho huo kwa kawaida hupungua sana wiki ya 3 ikiingia. Shati hilohilo litakufaa kwenye daladala, ambako mikono ya watu na mabomba ya kushikilia hugusa kila kitu.

Nenda Kigamboni, ule pilau na ndugu zako, lakini usiingie baharini na mkono huo usipigwe na jua. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu wapo wanaoamini kwamba maji ya chumvi hukausha kidonda. Mwaka 2017 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha habari za mwanamume wa miaka 31 aliyeogelea katika Ghuba ya Mexico siku tano baada ya kuchorwa tatuu mguuni. Bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, ambaye huishi katika maji ya bahari yenye joto, aliingia kupitia ngozi hiyo, na baada ya wiki kadhaa hospitalini mgonjwa alifariki. Ni kweli kwamba alikuwa na ugonjwa sugu wa ini, na mtu mwenye ini zima hupona mara nyingi, lakini ngozi iliyotobolewa ni mlango ulio wazi kwa kila mtu. Bahari, bwawa la kuogelea na mto visubiri mpaka usione kigaga chochote wala sehemu inayong'aa kwa wembamba, yaani wiki 3 au 4. Mafuta ya kukinga jua nayo usiyapake sasa. Yaanze ngozi ikishafunga, na kuanzia hapo yatumie siku zote, kwa sababu jua ndilo linalofifisha tatuu kuliko kitu kingine chochote.

Swali la pili

Ndugu Mshauri, salamu kutoka Mombasa. Nina miaka 31. Wiki ya tatu imetimia tangu nichorwe begani, na mistari yote imeinuka, naihisi nikipitisha kidole. Kaka yangu alitoboa sikio akapata keloidi, yaani kovu lililovimba, kubwa kama zabibu. Nimeanza kujuta. Je, ndiyo hiyo tayari?

*Msomaji, Mombasa*

Jibu

Ndugu yangu, katika wiki ya tatu mistari iliyoinuka ni ya kawaida, na kwa wengi hulala yenyewe kadiri tabaka la ndani linavyotulia. Keloidi kwa kawaida haijitokezi mapema hivyo. Hujichomoza miezi kadhaa baada ya jeraha, wakati mwingine hata baada ya mwaka, na alama yake kuu ni kwamba huvuka mipaka ya jeraha lenyewe na kuendelea kukua, mara nyingi ikiwasha au kuuma. Mstari wako ukibaki na upana uleule aliouchora fundi, huo si mwenendo wa keloidi.

Hata hivyo wasiwasi wako una msingi. Watu wenye ngozi nyeusi hupata keloidi zaidi kuliko weupe, mwelekeo huo hurithiwa katika familia, na bega, kifua, sehemu ya juu ya mgongo na ndewe za masikio ndizo sehemu zinazoshambuliwa zaidi. Ningetamani wachoraji wote wawe na desturi ya kumuuliza mteja kuhusu makovu ya familia yake kabla ya kuwasha mashine. Kwako wewe, usijazie rangi wala kuongeza mchoro mwingine kabla ya mwaka kupita, piga picha ya bega kila mwezi kwa mwanga uleule, na ukiona uvimbe unatoka nje ya mstari nenda kwa daktari wa ngozi mapema, ukiwa bado mdogo. Zipo sindano za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, zinazodungwa ndani ya kovu, na vipande vya silikoni vya kubandika, ambavyo husaidia zaidi kovu likiwa changa. Asije mtu akakushawishi ulikate tu basi, kwa sababu keloidi iliyokatwa bila matibabu mengine hurudi mara nyingi, na huweza kurudi ikiwa kubwa zaidi.

Swali la tatu

Mama, shikamoo. Nipo Moshi. Tatuu yangu ilipona vizuri kabisa, lakini wiki ya tatu vikatokea vipele vigumu, tena kwenye kivuli cha kijivu peke yake. Mistari myeusi haina kitu. Haviumi sana. Mchoraji anasema nivumilie, ngozi bado inapona. Nilimwona akichanganya wino na maji ili kupata kijivu.

*Msomaji, Moshi*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Hapa sikubaliani na mchoraji wako, nawe usiendelee kusubiri. Tatuu inayopona huenda ikipungua maumivu, uvimbe na vipele siku hadi siku. Iliyokwisha kupona kisha ikaanza upya, na katika rangi moja tu, inaonyesha kwamba kuna jambo katika wino wenyewe: ama mzio, ama maambukizi.

Mwishoni mwa mwaka 2011 na mwanzoni mwa 2012, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, Marekani, watu 19 walitokewa na vipele vya namna hiyo ndani ya wiki chache baada ya kuchorwa na mchoraji mmoja. Alikuwa akitumia wino wa kijivu ulionunuliwa ukiwa tayari umezimuliwa, na ndani yake alikutwa bakteria aitwaye Mycobacterium chelonae, wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu, ambaye huishi kwenye maji ya kawaida hata yale ya bomba. Bakteria huyo hafi kwa dawa za kawaida za vidonda, na tiba yake huweza kuchukua miezi. Ndiyo maana wino hauzimuliwi ila kwa maji yaliyotakaswa vijidudu kabisa, na maji ya chupa ya dukani hayana sifa hiyo.

Sisemi kwamba unao ugonjwa huo. Nasema lazima upimwe, na pengine kikatwe kipande kidogo cha ngozi kipelekwe maabara. Wewe una bahati ya kuishi karibu na kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC hapo Moshi tangu 1992, hivyo nenda huko wiki hii. Usipake krimu yoyote ya steroidi kabla, maana hutuliza vipele kwa siku chache huku ikiwanenepesha bakteria. Mweleze daktari kuhusu maji uliyoyaona.

Na kwa wasomaji wengine mnaoendelea kusubiri ngozi zenu zipone: maelezo mengi husema mtazame wekundu, lakini kwenye ngozi zetu wekundu haujitokezi kwa urahisi. Tumieni mgongo wa mkono mkapime joto la mahali hapo mkilinganisha na upande wa pili, angalieni kama ngozi ya pembeni inazidi kuwa nyeusi, ngumu au kuvimba baada ya siku ya 3, kama kuna usaha au harufu, na kama tezi za kwapani au za kinena zimevimba. Mkipata homa, au mstari wenye maumivu unaopanda kutoka kwenye tatuu, nendeni hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kupambazuke.

Msomaji wa Moshi, kabla hujaondoka kwenda kliniki, mpigie mchoraji wako umwombe jina la wino na asiitumie tena chupa hiyo mpaka majibu yako yatoke, kwa kuwa huenda wapo wateja wengine waliochorwa kwa wino huohuo.