Je, dawa ya kisukari huinyima saratani ya matiti chakula?

SWALI: Dada yangu amefanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti na anaendelea na matibabu. Hana kisukari, lakini jirani anamshauri ameze metformini ili saratani ikose sukari. Je, afuate ushauri huo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana kwa kuuguliwa. Wazo la jirani lina chimbuko la kisayansi, kwani tangu miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba seli za saratani hutumia glukosi (sukari) kwa wingi hata pale penye oksijeni ya kutosha. Metformini iliwavutia watafiti kwa sababu ni ya bei nafuu, imezoeleka, na hushusha insulini, homoni inayoweza kuchochea ukuaji wa baadhi ya uvimbe.

Hata hivyo, jambo hili limekwisha kupimwa kwa makini. Jaribio la MA.32 liliwahusisha wagonjwa 3,649 wasio na kisukari katika nchi za Kanada, Uswisi, Marekani na Uingereza, ambapo nusu yao walipewa metformini miligramu 850 mara mbili kwa siku kwa miaka 5, na wengine vidonge visivyo na dawa, juu ya matibabu yao ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba metformini haikuzuia saratani kurudi wala haikupunguza vifo. Wagonjwa wenye saratani ya aina ya HER2 (ambayo seli zake zina protini ya HER2 kwa wingi) walionekana kunufaika, lakini dalili ya namna hiyo huhitaji jaribio jingine kabla ya kugeuzwa tiba.

Hii haina maana kwamba kuzuia umetaboli wa saratani, yaani jinsi seli zake zinavyotumia virutubisho kujijenga, ni ndoto. Metotreksati na kapesitabini, ambazo huvuruga utengenezaji wa DNA ndani ya seli, zimewatibu wagonjwa wa saratani ya matiti kwa miaka mingi. Alpelisibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa saratani iliyosambaa yenye badiliko la jeni ya PIK3CA, huziba njia ambayo insulini huitumia kuichochea seli. Kwa sababu hiyo hiyo hupandisha sukari ya damu, na hapo daktari huweza kuandika metformini kwa ajili ya kuishusha sukari hiyo.

Kwa hiyo dada yako asimeze metformini kwa ushauri wa jirani. Huleta kichefuchefu na kuharisha, mambo ambayo mgonjwa anayepata tiba ya kemikali huenda tayari anayo, na daktari asiyejua kwamba anaitumia anaweza kudhani ni madhara ya dawa za saratani, akapunguza dozi ambayo kwa hakika anaihitaji.