Nyumba za Kirumi katikati ya mji wa Kos

Ndugu, umeuliza imekuwaje Kos, mji wa pwani kwenye kisiwa cha jina hilohilo kule Ugiriki, una mitaa ya Kirumi iliyofukuliwa katikati kabisa, wakati miji mingine imejengwa juu ya magofu yake. Ni tetemeko. Aprili 1933 ardhi ilitikisika, sehemu kubwa ya mji ikaanguka. Kisiwa kilikuwa chini ya Italia, basi Waitaliano wakachimba kwanza, wakajenga baadaye. (Kwa serikali ya Mussolini, dikteta wa Italia aliyejivunia Roma ya kale, kila jiwe la Kirumi lilikuwa na faida ya kisiasa.)

Jumba maarufu zaidi ni Casa Romana: vyumba zaidi ya 30 vikizunguka nyua tatu zilizo wazi juu, na humo ndimo mwanga na hewa vilimoingilia. Wenye nyumba kama hizi si lazima walikuwa watu wa Roma. Wagiriki wenye mali nao walijenga hivyo chini ya dola ya Kirumi.

Ila kwangu mimi utamu uko sakafuni. Kuna mozaiki moja, sasa iko makumbusho ya hapohapo mjini: Asclepius, mungu wa tiba, anashuka kwenye mashua, mwenyeji mmoja anampokea, na pembeni Hippocrates, tabibu maarufu wa kale wa Kos, ameketi anatazama. Yote kwa vijiwe vidogo vya rangi! Ila baadhi ya mozaiki nyingine usizitafute Kos. Waitaliano walizing'oa wakazitandaza kwenye kasri la Rhodes, kisiwa kingine cha Ugiriki, walipolikarabati, na mpaka leo ziko huko.