Maswali Yenu: Nataka kuhamia Usa River, nianzie wapi?

Tulivyoomba maswali kuhusu kuhamia Usa River nilijua yatakuja mawili matatu, kumbe yamekuja kibao, na karibu wote mnauliza kitu kimoja, kiwanja shilingi ngapi. Aliyeuliza maji ya kunywa ni mmoja tu na ndo naanza naye. Kwa wasiopajua, Usa ni mji mdogo kwenye barabara ya Arusha–Moshi, kilomita ishirini na kidogo kutoka Arusha mjini, makao makuu ya Halmashauri ya Meru yapo hapo. Mito inashuka kutoka Mlima Meru, inakatisha lami na kuteremka huko chini mpaka inaingia Kikuletwa. Pale barabarani ni mji kabisa, benki, baa, maduka ya hadweya, ila panda bodaboda dakika chache tu uko kwenye migomba na mtu anakamua ng'ombe.

*

*Habari dada. Tunahamia Usa kikazi, tuna watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Wifi yangu kasema maji ya huko yanaharibu meno ya watoto, mume wangu anasema hayo maneno ya mtaani, tutachemsha tu. Nani yuko sahihi? Mama wa wawili, Tabata*

Wifi yako yuko sahihi, na shemeji mwambie kwa upole kuchemsha hakusaidii hapa, tena kunazidisha. Tatizo sio vijidudu, ni floridi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru na kuyeyuka kwenye maji. Ukichemsha maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki palepale kwenye sufuria, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa kimekolea zaidi. Vile vichujio vya kawaida vya dukani vya mshumaa navyo haviitoi. (Kuchemsha kwa ajili ya homa ya matumbo endelea, hilo ni suala lingine.)

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Huku kuna vyanzo vinapita hapo mara kadhaa, na eneo la Maji ya Chai, hapo mbele kidogo ya Usa ukienda Moshi, linajulikana kwa hilo miaka na miaka, ndo maana serikali iliweka kituo cha utafiti wa kuondoa floridi pale Ngurdoto. Mto wa Maji ya Chai wenyewe una rangi ya kahawia, basi watu wanafikiri maji mabaya ni yale ya rangi tu. Sio. Floridi haina rangi, haina harufu, maji meupe pee yanaweza kuwa nayo nyingi, na chemchemi mbili zilizo karibu kabisa zinaweza kutofautiana sana. Kwa hiyo jirani akikwambia ya kwetu ni mazuri mshukuru halafu ukapime ya kwako.

Kupima sio ishu kubwa, maabara ya maji ya wizara ipo Arusha. Chukua chupa ya plastiki safi, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale unayoenda kupima, jaza, funga, andika umechota wapi na lini. Kama ni kisima au bomba acha yatiririke kwanza kidogo ndo uchote.

Kwa watoto wako hapa ndo pa kuwa makini, kwa sababu meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi kuanzia uchanga mpaka kama miaka minane hivi, floridi ikizidi kipindi hicho yanatoka na madoa ya kahawia na hayaoshiki. Wewe na baba yao meno yenu yalishaota hayatabadilika, ila ukinywa maji yenye floridi nyingi miaka mingi mifupa nayo inaathirika, kwa hiyo msijione mmepona. Wanachofanya wenyeji wenye uwezo ni kutenganisha maji. Mvua inavunwa kutoka kwenye bati inaingia simtanki, hayo ni ya kunywa na kupikia maana maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa, ya bomba au mfereji yanabaki ya kuoga, kufua na ng'ombe. Wengine wanatumia mtungi wa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaivuta floridi vizuri tu, ila ule mkaa unachoka, usipoubadilisha unajidanganya.

Na kitu ambacho wageni hawaambiwi ni magadi. Huku makande yanawekwa magadi ili yaive haraka na yalainike, na magadi mengi yana floridi ya kutosha. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, utatumia mkaa zaidi kidogo lakini mtoto wa miaka mitatu umemwepusha.

*

*Dalali kanitumia picha za eneo, yaani linashuka mpaka mtoni kabisa, kuna mti mkubwa wa kivuli, bei chee, anasema niwahi kuna mtu wa Dar anakuja Jumamosi. Niwahi? Kijana wa Sakina*

Huyo mtu wa Dar anakuja kila Jumamosi, mdogo wangu, na hajawahi kufika.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nenda na futi kamba, simama ukingoni, hesabu 60 kwenda juu, halafu angalia kilichobaki. Maeneo mengi ya "mpaka mtoni" ukishatoa hizo 60 unabakiwa na kipande cha kujenga choo na banda la kuku, na ndo maana bei chee. Ule mti wa kivuli upo ndani ya hizo 60 nakuhakikishia, angalau hautaukata.

Halafu kuna suala la nani anauza. Kwa Wameru, wenyeji wa huku, ardhi ni ya ukoo, kihamba (shamba la familia) baba kamgawia kijana lakini dada zake na baba wadogo wanajua mpaka uko wapi na wana la kusema. Utakuta muuzaji ni Kaaya, shahidi Kaaya, jirani wa juu Pallangyo, wa chini Mbise, na hao wote kwenye hilo eneo wana habari kuliko dalali wako. Usimalizane na kijana mmoja kwenye baa. Omba kuonana na mke wake kama ameoa, maana nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, omba ndugu wa kuzaliwa wawepo, omba majirani wa pande zote waje kuonyesha mipaka kwa miguu yao, unaangalia masale yaliyopandwa mpakani, na hapo unasikiliza zaidi kuliko unavyoongea kwa sababu kama kuna ugomvi utausikia siku hiyohiyo, kuna bibi mmoja atasema kitu.

Uliza pia kama eneo ni la kijiji au liko ndani ya mji mdogo, taratibu ni tofauti. La kijiji linapita kwenye halmashauri ya kijiji, sio sahihi ya mwenyekiti peke yake akiwa kasimama barabarani na muhuri mfukoni. La mjini nenda idara ya ardhi pale halmashauri ukaulize kama limepimwa na mchoro unasema nini, maana unaweza kuta kiwanja chako kwenye ramani ni barabara.

Na ukiwaona wagumu kwenye ardhi usione wanakuringia. Mwaka 1951 wakoloni waliwaondoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki wakawapa walowezi, Wameru wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa New York mwaka 1952 kwenda kushtaki. Wajukuu wa wale walioondolewa ndo majirani zako watarajiwa.

*

*Mimi nimeshanunua eka moja Poli, nina pampu yangu ya petroli. Nimeanza kumwagilia nyanya wazee wakaja kunizuia eti mpaka nijiunge na mfereji. Kwani mto si wa Mungu? Mkulima mpya*

Wa Mungu ndio ila una ratiba.

Mifereji ya huku imechimbwa na mababu kwa majembe, inatoa maji mtoni inayapitisha kwenye mashamba, na kila mfereji una kamati na zamu. Zamu yako inaweza kuwa Jumanne saa nane usiku, utaamka utaenda na tochi na jembe, utafungua mlango wako wa udongo na kuziba wa jirani, saa zako zikiisha unafunga. Ukilala imekula kwako mpaka wiki ijayo. Siku ya msaragambo mnatoka wote kuzibua tope na majani, asiyetoka analipa faini, na hapo ndo utajulikana kuwa ni mtu au sio mtu. Wewe umekuja na pampu ukavuta juu ya banio lao, pale wanapokinga maji ya mfereji, kwenye kiangazi, aliyeko chini ana mahindi yanakauka, unategemea akupigie makofi?

Na hata kiserikali hauko salama, kumwagilia kwa pampu unatakiwa uwe na kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Maji haya unayoyaona Poli yanaenda Kikuletwa, yanaingia Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme na yanatokea Pangani baharini, kwa hiyo wadai ni wengi kuliko wazee watatu waliokuja na bakora. Nenda kwa mwenyekiti wa mfereji jioni akiwa ametulia, msalimie shikamoo, omba kuandikwa, uliza kiingilio na siku za kazi. Pampu iweke stoo kwanza.

*

*Nifanye kazi mjini niishi Usa inawezekana? Mhasibu, Njiro*

Inawezekana, wengi wanafanya hivyo. Vifodi, daladala za huku, vinapita lami muda wote kuanzia alfajiri, na tangu barabara ipanuliwe njia nne kutoka Sakina mpaka Tengeru hali ikawa afadhali sana. Shida yako haitakuwa lami, itakuwa kutoka lami kwenda nyumbani. Kilomita tatu za udongo mwezi wa nne usiku, bodaboda anakupandishia bei au anakataa kabisa. Jumamosi usipite Tengeru kama una haraka, ni siku ya soko, watu, mikungu ya ndizi, mbuzi na mitumba wote wako barabarani. Jumatano nayo ni soko lakini dogo.

*

*Nipange juu ya barabara au chini? Mwalimu*

Juu, kwa maana ya upande wa mlima, Akheri, Poli, Nkoaranga, ni kijani mwaka mzima, kahawa na migomba, mvua nyingi. Na baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka jua hulioni siku nzima, nguo zinakauka siku tatu, mtu wa Pwani analia. Barabara ni za kupanda na kuteleza.

Chini, kuelekea Kikwe na Mbuguni, ni tambarare, joto, vumbi, mahindi na maharage na vitunguu vya kumwagilia. Viwanja vikubwa na bei ina unafuu. Lakini maji yanayoshuka toka mlimani masika yanaishia huko, kwa hiyo kuna sehemu zinajaa, na mbu wapo kweli. Angalia ukuta wa nyumba unayoonyeshwa, kama kuna mstari wa tope kwa chini na juu yake pamepakwa rangi mpya, shukuru kwa kukaribishwa na uondoke.

Mimi ningepanga juu kidogo ya lami, isizidi kilomita mbili, kwa mwaka mmoja kabla ya kununua popote. Kwa mwalimu hasa, shule na vyuo vimejaa hapo katikati, Makumira, Patandi, Tengeru kwenyewe.

*

*Wageni wangu wa Dar wakija wikendi niwapeleke wapi bila kuuza shamba? Anko wa Leganga*

Ziwa Duluti, Tengeru. Ni ziwa la kreta, dogo, lina msitu pembeni na njia ya kulizunguka kwa miguu, mnarudi na njaa. Hapohapo Tengeru kuna makaburi ya Wapoland, maana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipoland kama elfu tano hivi, wanawake na watoto wengi, waliotokea Urusi walikokuwa wamepelekwa kwa nguvu. Wageni hawaamini mpaka waone majina. Kama mfuko unaruhusu geti la Ngurdoto la Hifadhi ya Arusha liko karibu na Usa, twiga na nyati mnawaona kabla ya saa sita, na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa nje, ila beba kitambulisho.

Jioni mtori. Usiwapeleke baa ya barabarani, hiyo wanayo Sinza.

*

*Nije kuangalia maeneo mwezi gani? Wa Mwanza*

Njoo mara mbili. Aprili uone maji yanapita wapi na gari inakwama wapi, halafu Septemba au mwanzoni mwa Oktoba uone mfereji umebaki na nini. Dalali atakushauri Juni, kila kitu kinapendeza Juni. Aprili vaa buti za mvua, na kama gari yako ni ya chini iache sheli pale lamini, utapanda bodaboda.